Iliki Katika Udongo wa Kilwa

"Mounira, tia signature!"

"Hapana. Hii ngano haiko ya bazee ba zamani."

Aruna akapiga meza, hadubini ikatikisika. Kesho asubuhi alitakiwa kuwatangazia maprofesa, hapa Lubumbashi, kwamba watu wa Kilwa ya huku bara, si ile ya pwani, walilima ngano miaka elfu iliyopita. Tangazo hilo lingempa nafasi ya kusomea shahada ya udaktari. Ushahidi wake ulikuwa punje zilizoungua, alizozipata alipoosha udongo wa machimbo ya akiolojia. Na mtambuzi wa mbegu alikuwa Mounira, mchumba wake. Bila jina lake, tangazo lisingekuwa na uzito.

"Angalia mwenyewe. Ngano ya zamani sana, mara mingi inakuwaka na maganda magumu. Tungeona bipande byake. Hii iko uchi, fupi, nene, sawa ile ya ku soko."

"Uko na wivu tu!"

Neno hilo lilimchoma Mounira. Aruna hakutaka kusikia; sikio la kufa halisikii dawa. Mounira akasogeza punje kando, akamwonyesha kitu kidogo cheusi chenye mikunjo.

"Na hii?"

Aruna akainama kutazama.

"Iko mbegu ya iliki, Aruna, ya ku jikoni. Huu udongo uliuoshea wapi?"

"Kwenu. Maji ilikatika ku chuo. Mama alinipa beseni, kesho yake ya fiançailles yetu, kisha kukuvalisha pete."

Mounira akampigia mama yake, akaweka spika.

"Mama, ile beseni ulimupa Aruna, uliisugua na nini?"

"Na majivu, mutoto wangu. Ya ule moto tulipikia bokoboko. Unauliza juu ya nini?"

Bokoboko ni ngano na nyama. Kwao hakuna sherehe bila hiyo.

"Ngano ilimwangika mu moto?"

"Aba! Shangazi yako njo alimwanga, na iliki yangu pamoja! Ile sijasahau."

Simu ikakatwa. Aruna akachukua koti lake.

"Kesho nitasema vile nilipanga, hata bila signature yako. Kama unanipenda, utanyamaza."

Mounira akalia palepale. Alimpenda mno, ndiyo shida yenyewe. Akamwandikia: "Ukidanganya bantu kesho, pete nitairudisha kwa baba yako."



Asubuhi ukumbi ulijaa. Mounira alisimama mlangoni, pete ameishika mkononi. Aruna akapanda jukwaani, akamwona. Akakunja karatasi zake.

"Nilitaka kubaambia habari ya ngano," akasema. "Hakuna ngano. Udongo wa Kilwa unatupatia mtama na ulezi. Ile ngano ni ya fiançailles yangu. Iliungua mu moto wa mama mukwe, ikaingia mu beseni na majivu. Mounira alinionya, nikamutukana. Mounira, unisamehe."

Watu wakaangua kicheko. Profesa wake akainuka, akatoka bila kumwangalia.

Nje, Aruna akaketi kwenye ngazi.

"Nafasi inaisha kwenda, sitaipata tena."

"Mtama iko, ulezi iko. Tutaanza na ile." Mounira akarudisha pete kidoleni. Machozi yalimtoka, safari hii ya furaha.

Simu ya Mounira ikalia. Ni mama yake, habari ilikwisha kumfikia.

"Mounira, ku arusi nipike bokoboko, ao bantu bataogopa?"

Aruna akaipokonya.

"Upike, mama. Lakini beseni nitaisugua miye mwenyewe, na sabuni."