Maua Aliyoleta Kiki

Haya yalimpata Kiki, rafiki yangu wa Karavia, mtaa wa matajiri, mtu anayepanda milima ili apigwe picha. Mvua zilipokwisha alikwenda vakansi, likizo yake, kutembea kwenye vilima vya shaba, na viatu vipya na fimbo mbili, kama kipofu mara mbili. Swala walipita mbele yake asiwaone, alikuwa anajitazama kwenye simu. Kisha akachuma maua ya zambarau, yale yanayopenda udongo wa shaba.

Mwenya, mchimbaji aliyemwongoza, alimwambia, "Patron, usipeleke ile maua ku nyumba. Kwenye inaotaka, njo kwenye tunachimbaka."

Yaani yanapoota maua hayo, ndipo wachimbaji wanapochimba. Kiki akacheka. Akayaweka kwenye glasi kando ya kitanda.

Wiki hiyohiyo umeme ulikatika jioni. Gizani akasikia chini ya sakafu: ko, ko, ko, kisha kimya, kama mtu anayepumzisha sururu. Digrii mbili anazo, na jibu lake lilikuwa panya.

Asubuhi aliniita tusogeze kitanda. Saruji ilikuwa imepasuka, na katika nyufa yamesimama maua ya zambarau, yameenea kwa urefu kamili wa Kiki aliyelala, mapana mabegani, membamba miguuni.