Gunia la Kawangware

Jumamosi, soko la Kawangware ni kelele ya kuziba masikio. Muuza dagaa wa omena anaita huku, mhubiri anakemea mapepo kule kwa kipaza sauti, na katikati ya vurugu hiyo Nasambu, blauzi nyekundu, nywele zimesukwa mistari, vipuli vya plastiki vinarukaruka masikioni, alikuwa anamfokea kijana mmoja.

“Wewe! Toka kwa benchi yangu. Tangu asubuhi unacheza na hununui.”

Kijana hakuinua macho. Alikuwa ameishika Duma kwa mikono miwili, ule mchezo wa mkononi unaotiwa kaseti, na vidole vyake vilikimbia kama vya fundi cherehani.

“Ngoja kidogo, madam. Nikikufa natoka.”

“Basi kufa haraka!”

Akacheka, na kwa kucheka akafa. Alipomrudishia mchezo, koti lake la jinzi likafunguka, na Nasambu akaona beji ya simba imebandikwa kifuani.

“Ala! Kumbe wewe ni mtu wa Simba! Umekuja kutupeleleza?”

“Nimekuja kuona mnatushinda na nini,” kijana akasema bila haya. “Naitwa Benard Osewe, kibanda cha Kianda, Kibera. Sasa nimeona. Hamtushindi na mchezo. Mnatushinda na muuzaji.”

Nasambu akageuka kupanga kaseti ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Tusilaumu vijana kwa kupelelezana, kwa sababu ni tajiri wao aliyewafundisha. Mzee Kiragu, mwenye kampuni, aliagiza michezo ya mkononi ya aina mbili. Simba ilikuwa ya bei ya chini: kioo cha kijivu, vitofali vinaanguka, unavipanga, basi. Duma ilikuwa ghali kidogo, lakini kwa kubadilisha kaseti, leo unacheza mpira na kesho mbio za magari. Kibera aliwapa Simba, Kawangware akawapa Duma, kisha akawaambia wauzaji wake wanyang'anyane wateja. Watu walimwonya kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Yeye alijibu, “Nisiposhindana na mimi mwenyewe, atakuja mtu wa Eastleigh ashindane na mimi.”

Hivyo ndivyo mapenzi haya yalivyozaliwa, baina ya mahasimu wa mshahara mmoja.

Nasambu hakuwa na simu. Nani alikuwa na simu Kawangware mwaka wa tisini na saba? Lakini Mutunga, mwenye buchari ya jirani, alikuwa nayo, na kila siku saa kumi Benard alipiga kutoka kibanda cha simu pale Olympic, Kibera, sarafu moja mkononi.

“Nasambu!” Mutunga angepaza sauti, kisu hewani. “Kuja, mume wako wa sarafu!”

Wateja waliopanga foleni ya nyama wangecheka, naye angeingia ameinamisha kichwa.

“Haloo, ni nani?”

“Ni Simba. Nanguruma.”

“Simba akipigia buchari simu, hiyo ni njaa.”

“Njaa yako, jaber, mrembo wangu. Umekula?”

“Nimekula matumbo.”

“Na mimi omena. Sasa tukioana watoto watakula nini?”

“Kuku. Mimi ni Mbukusu, mambo ya kuku sijadiliani na mtu.”

“Haya, sarafu inaisha. Sema unanipenda.”

“Benard, watu wako hapa.”

“Si wajue! Sema.”

“Mutunga anasikiliza, bwana...”

Na simu ingekatika. Hivyo kila siku. Nasambu alikuwa na mdomo wa kuuza, wa kufoka na wa kutania, lakini neno la moyoni mbele ya watu lilimkwama kooni. Benard alicheka tu. Alisema Krismasi ikifika wajomba zake watasafiri hadi Chwele kumwona baba yake Nasambu, na hapo atalazimika kulisema mbele ya wazee wote. Walikuwa wamekubaliana. Mishahara miwili, chumba kimoja cha mabati, na Trizah, mdogo wake Nasambu, aendelee na shule. Trizah alikuwa kidato cha tatu, hana baba wa kumlipia karo wala mama, ana dada. Baba yao alikuwa hai, sawa, lakini shamba lilikuwa limemshinda zamani.

Kulikuwa na jambo moja tu lililomkosesha Nasambu usingizi, nalo lilikuwa gunia.

Sheria ya Kiragu ilikuwa hivi: muuzaji asifungue mchezo ulioharibika ukarudishwa na mteja. Autie kwenye gunia, na mwisho wa mwezi alete gunia stoo, mjini. Kiragu hakupenda makaratasi. Alilitazama gunia, akajua. Msichana aliyeuza Duma kabla ya Nasambu alifutwa kazi kwa ajili ya gunia lililojaa. Na Duma zilikuwa zinakufa, moja leo, mbili kesho.

Jumapili moja, baada ya kanisa, alimwaga zile mbovu kitandani mbele ya Benard, machozi yanamlenga.

“Hebu,” Benard akasema. Akaangalia ndani ya tundu la kaseti. “Nyinyi mnazipuliza?”

“Si kila mtu hupuliza? Ikikataa unatoa kaseti, unaipuliza fuu, unarudisha, inawaka.”

“Inawaka leo. Mate yanakaa huko ndani, vumbi la Kawangware linashika mate, chuma kinaoza. Mnaziua kwa kuzipenda, mpenzi.”

Akazibeba kwenye mfuko wa unga hadi Sarang'ombe alikoishi. Jumapili iliyofuata alizirudisha nzima, zinaimba. Alikuwa amezifungua, akazisugua kwa kifutio cha shule, akachomelea kwa risasi iliyoyeyushwa palipokatika. Kuanzia hapo ikawa desturi yao. Wengine hupelekana Uhuru Park kula aiskrimu. Hawa walipelekeana michezo iliyokufa.

“Na za kwako mbona huzitengenezi?” Nasambu alimwuliza siku moja.

“Za Simba kioo hupasuka, hakuna dawa. Halafu sheria ni sheria. Naivunja kwa ajili yako tu.”

Nasambu akamwegemea begani, akaona dunia imemtendea haki. Mwisho wa mwezi gunia la Kawangware lilifika stoo limenywea kama tumbo la aliyefunga saumu. Gunia la Kibera lilifika limevimba.

Mnamo Novemba mvua ya El Nino ilipogeuza vichochoro kuwa mito, Kiragu aliwaita wote wawili mjini. Benard alikuja na koti la kuazima, mikono mifupi kidogo. Nasambu alivaa gauni la buluu la kanisani, pindo limetapakaa matope. Hawakukaa karibu, maana tajiri hakujua lolote.

“Mzigo mpya umekwama njiani, barabara zimebomoka,” Kiragu akaanza. “Siwezi kulea watoto wawili. Kuanzia mwezi ujao ni Simba peke yake au ni Duma peke yake. Semeni.”

“Mzee, usifunge yoyote,” Nasambu akasema haraka. Fununu walikuwa wamezisikia, na jibu hilo walikuwa wamelipanga kwa simu. “Mtu wa Simba na mtu wa Duma si mtu mmoja. Kuna mama anataka tu kitu cha kunyamazisha mtoto. Kuna kijana ameshamaliza vitofali, anataka kitu kigumu.”

“Na huyo kijana alianzia Simba,” Benard akadakia. “Simba ndiyo inamfundisha kidole. Ukiifunga, Duma itapata wapi wateja mwaka ujao?”

“Maneno matamu,” Kiragu akasema. “Lakini juzi kuna mama amenunua kaseti ya Duma kwa mtoto mwenye Simba. Haiingii! Amenitukana mbele ya wateja. Nanunua vipuri aina mbili, najieleza mara mbili, na mwisho nyinyi mnanyang'anyana mteja yuleyule. Nilidhani nafuga fahali wawili. Kumbe wanakula nyasi moja.”

Akasimama, akayaburuta magunia mawili katikati ya sakafu. Lile la Kibera lilitoa mlio wa plastiki iliyovunjika. Lile la Kawangware lilianguka bila sauti.

“Haya hayana mdomo na yamesema. Simba inavunjika, Duma ni nzima. Nafunga Simba. Benard, umefanya kazi nzuri, lakini sina mahali pa kukuweka.” Akawatazama wote wawili. “Kuna mwenye neno?”

Mvua ilipiga mabati. Benard hakumtazama tajiri. Alimgeukia Nasambu, akamtazama waziwazi, bila hasira, kama mtu anayengoja kupewa kikombe cha chai na mwenye nyumba. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: Benard ndiye huzitengeneza. Nasambu aliihisi mdomoni. Akaliona gunia la yule msichana aliyefutwa. Akamwona Trizah na sare yake, amerudishwa nyumbani. Akaangalia viatu vyake.

“Sina neno, mzee,” akasema.

Nje, chini ya baraza, Benard alilivua lile koti la kuazima, akalikunja kwapani ili lisilowe.

“Hongera,” akasema.

“Benard, Trizah...”

“Najua. Msalimie.”

Akaingia kwenye mvua. Siku iliyofuata saa kumi ilifika, na simu ya Mutunga ilikaa kimya. Nasambu alitaka kujitia moyo kwamba ni mvua, nyaya zimelowa. Lakini simu ililia vizuri tu kwa watu wengine. Krismasi ikafika. Hakuna mjomba aliyepanda basi la kwenda Chwele, na baba alipouliza wageni wako wapi, Trizah ndiye aliyejibu kwamba barabara ni mbaya.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Januari gunia la Kawangware lilianza kunenepa. Watoto walipuliza, unyevu ukaingia, Duma zikafa, na hakukuwa na mtu wa kuja Jumapili na mfuko wa unga. Kufikia Februari Kiragu alikuja mwenyewe kibandani.

“Nasambu, Duma wangu wamelogwa?”

“Hawajalogwa, mzee. Tangu zamani walikuwa wagonjwa. Benard wa Kibera ndiye alikuwa daktari wao.” Akamweleza yote, kuanzia kifutio hadi risasi, na mara hii hakutazama viatu.

Kiragu akaketi kwenye benchi ya wateja, akaligeuza gunia kwa ncha ya kiatu.

“Ungeniambia siku ile,” akasema, “nisingefunga hata moja. Ningempa huyo kijana meza pale stoo, atengeneze zote, Simba na Duma. Kumbe kilichokosekana ni fundi tu!” Akatikisa kichwa. “Sasa Simba zote nimemuuzia mtu wa Busia. Na hizi Duma, zikiisha, tumeisha.”

Nasambu hakusubiri jioni. Alifunga kibanda, akatembea kwa miguu kupitia Woodley hadi Kianda, matope yakimfika vifundoni. Akamkuta Benard kwenye meza ndogo karibu na Olympic, redio za watu zimefunguliwa matumbo. Alikuwa amekonda. Alipomwona, uso wake ulichangamka kabla hajaukataza.

“Nyar Chwele, binti wa Chwele. Umekula?”

Hapo ndipo Nasambu alipolia. Alilia mbele ya wapita njia wote, hakujali.

“Nimemwambia mzee. Nimesema yote. Nisamehe, Benard. Niliogopa karo, niliogopa gunia...”

“Ningekuwa wewe pia ningeogopa.” Akampa kitambaa kilichonuka risasi, kisha akakitazama, akaona ni kichafu, akampangusa kwa kiganja. “Nilishakusamehe. Unajua ningefanya nini siku ile ungesema? Ningekukatiza. Ningesema, mzee, huyu anatania, funga Simba. Kazi ungebaki nayo wewe. Trizah ni shemeji yangu pia.”

“Sasa mbona hukusema mwenyewe?”

“Nikushtaki kwa tajiri ufutwe kazi? Nilitaka tu nikusikie ukianza. Ungesema ‘Benard’, tu. Ingenitosha.”

“Si nimekuja sasa? Si nasema sasa?”

“Umekuja, na nimefurahi, usidhani sijafurahi. Lakini mjomba amenipatia mahali Kibuye, Kisumu, duka la redio. Kesho nasafiri.” Akashusha pumzi. “Nikikutazama bado nakupenda, Nasambu. Halafu nakuona pale stoo unatazama viatu. Hiyo picha sijui niiweke wapi. Nipe muda niitafutie mahali.”

Alimwonyesha jinsi ya kusugua tundu la kaseti kwa kifutio, taratibu, upande mmoja tu. Akampa kifutio chenyewe, kimeisha nusu. Wakashikana mikono kama waumini wa kanisa moja, na Nasambu akarudi Kawangware.

Machi, siku ambayo hakuna aliyetarajia, saa kumi, kisu cha Mutunga kilisimama hewani.

“Nasambu! Kuja! Ni ya mbali!”

Alikimbia, kifutio mkononi. Foleni ilikuwa ndefu, watu wakampisha.

“Haloo?”

“Ni mimi,” sauti ikasema, ndogo, katikati ya mikwaruzo. “Niko Kibuye. Nilitaka kujua Trizah anaendelea aje. Na wewe. Sarafu hapa zinaliwa haraka, usi...”

Nasambu hakumtazama Mutunga. Hakutazama foleni.

“Nakupenda, Benard!” akapaza sauti, buchari nzima ikasikia, na waliokuwa nje wakageuka. “Unanisikia? Benard ndiye alizitengeneza, mimi nikanyamaza, na nakupenda! Mbele ya watu wote! Nakupenda!”

Mutunga akashusha kisu. Sikioni mwake simu ilikuwa inalia tuu, tuu, tuu, na hakujua ilikuwa imekatika kwenye neno gani.

“Amesikia?” mama mmoja wa foleni akauliza polepole.

“Sijui,” Nasambu akasema.

Mutunga akamtoa simu mkononi, akairudisha mahali pake kwa uangalifu. Akawauzia watu nyama bila utani hadi foleni ikaisha. Alipofunga mlango jioni ile, aliitoa simu ikae dirishani, waya ameuvuta mpaka mwisho, upande wa kibanda cha Nasambu.