Kiti cha Baiskeli ya Emese

Kila asubuhi, saa moja na robo, Emese alifunga baiskeli yake kwenye vyuma vya stesheni ya Dunakeszi, akapanda treni kwenda shuleni Budapest. Saa tisa alasiri alirudi, akaifungua, akafuata njia ya kando ya Mto Danubi hadi klabu ya kayaki, mitumbwi myembamba ya mashindano. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na safari hiyo aliijua hata akifumba macho.

Jumatatu moja alasiri, mwezi wa Juni, alipanda baiskeli, miguu ikaning'inia. Kiti kilikuwa kimepandishwa vidole vinne.

"Nani kaigusa?" alijiuliza. Kufuli lilikuwa limefungwa vizuri. Lilikuwa kufuli la namba, na namba zenyewe ni mwaka aliozaliwa bibi yake.

Alikishusha. Jumanne akakikuta kimepanda tena. Jumatano vilevile, na safari hii usukani ulikuwa na madoa mekundu yanayonata. Tangu Jumanne Emese alikuwa akimtazama kila mtu kwa jicho la pembeni: mkagua tiketi, mama wa kioski, hata padri aliyekuwa akisubiri treni yake kwa amani.

Mwishowe shaka ilimwangukia Zsombor, mwenzake wa klabuni. Zsombor alikuwa mrefu kuliko wote. Alisoma palepale Dunakeszi, hakupanda treni. Tena wiki iliyopita alisimama nyuma ya Emese, Emese alipokuwa akifungua kufuli!

Jumatano hiyohiyo Emese alimvaa klabuni mbele ya wote.

"Wewe ndiye unayechukua baiskeli yangu!"

"Mimi? Ile yenye kikapu cha maua? Bora nitembee kwa magoti!"

Wenzao wakaangua kicheko.

"Chekeni tu! Miguu mirefu hivyo ni ya nani mwingine hapa?"

Kocha Judit hakucheka. "Jumapili ninyi wawili mnashindana ndani ya mtumbwi mmoja," alisema. "Siwezi kuwapakia pamoja watu wasioaminiana. Ukweli usipojulikana hadi kesho kutwa, Zsombor, utakaa nje."

Zsombor alikuwa amefanya mazoezi tangu majira ya baridi. Aligeuka upande ili wasimwone akifuta machozi. Moyo wa Emese ulimchoma kidogo, lakini akajisemea, "Acha akome."

Alhamisi walimu walikuwa na kikao, shule ikafungwa mapema. Emese alifika stesheni saa sita mchana. Baiskeli haikuwepo. "Leo ndiyo leo!" akasema, akajibanza nyuma ya kioski.

Karibu saa nane, baiskeli yake ilikuja kutoka upande wa kivuko cha mtoni. Aliyeipanda alikuwa mtu mzima mwenye kofia. Aliifunga, akazungusha namba za kufuli, kisha akageuka.

"Baba?"

"Emese! Mbona hupo shuleni?"

"Mbona wewe hupo kazini?"

Lőrinc, baba yake, ambaye kila asubuhi alibeba chakula chake akisema anawahi treni ya saa moja na nusu kwenda kiwandani, aliketi kwenye benchi. Vidole vyake vilikuwa vyekundu hadi kwenye kucha.

"Kiwanda kilitupunguza wiki mbili zilizopita," alisema polepole. "Tangu Jumatatu ninachuma matunda ya stroberi kwenye kisiwa kilicho katikati ya mto. Kivuko kiko mbali, na basi halifiki. Kukishusha kiti sikukumbuka hata siku moja, akili yangu haikuwa hapo. Mama yako hajui. Nilitaka nipate kazi nyingine kwanza. Usimwambie mtu, mwanangu."

Emese alimkasirikia na kumhurumia kwa pamoja.

"Baba, nimemwita Zsombor mwizi mbele ya watu. Kesho anaondolewa kwenye mashindano. Nikinyamaza, mwizi nitakuwa mimi."

Treni ilipita, ikaenda zake. Baba akasimama.

"Twende klabuni."

Huko Baba alinyoosha mikono yake mekundu mbele ya watoto. "Aliyechukua baiskeli ni mimi," akasema. "Niliona aibu kusema sina kazi. Kuchuma stroberi si aibu hata kidogo. Aibu ni kijana wa watu kulala na jina la mwizi kwa sababu ya siri yangu. Mwenye jambo lake aliseme mapema, kabla halijamwangukia asiyehusika. Na wewe Emese, ukimshuku mtu, uliza kwanza. Kumtangaza mtu ni rahisi, kumsafisha ni kazi."

"Nisamehe, Zsombor," Emese alisema kwa sauti ili wote wasikie. "Nilikuona mrefu, nikaona ushahidi umetosha."

"Hata baba yako mrefu," Zsombor akajibu. "Ungeanzia nyumbani." Safari hii Emese naye akacheka, na Kocha Judit akawatuma wawili hao kuteremsha mtumbwi majini.

Jioni Baba alimweleza Mama yote, akiwa bado amesimama mlangoni. Mama alimwekea sahani mezani.

"Nami nilikuwa najiuliza," akasema, "tangu lini mashine za kiwandani zinanukia stroberi. Ingia ule, Lőrinc. Kesho tutatafuta kazi wote wawili."

Ijumaa alasiri Emese alifungua kufuli, akapanda baiskeli. Miguu yake ilifika chini.