Panya Katika Tangi la Shule

Kila asubuhi Wacera na Nduta walitoka mtaa wa Majengo pamoja kwenda shuleni, mikono wameificha ndani ya sweta kwa baridi ya Julai. Walikuwa Gredi ya Sita na waliketi dawati moja. Wenzao kadhaa walibeba maji yaliyochemshwa nyumbani. Wao, kama watoto wengi wa vyumba vya kupanga, walikunywa ya tangi lililokuwa nyuma ya jikoni.

Siku ya zamu yake ya kuosha masufuria, Wacera alipanda juu ya mawe akachungulia ndani ya tangi, maana halikuwa na kifuniko. Panya aliyevimba alikuwa akielea.

Alikwenda hadi mlangoni pa mwalimu mkuu, Bwana Ngatia. Hapo akamkumbuka Theuri, mwanafunzi ambaye Bwana Ngatia alimpigisha magoti mbele ya shule nzima kwa kusema githeri, mahindi na maharagwe ya mchana, ina wadudu. Akarudi darasani. Tangu siku hiyo alikunywa maji ya mfereji wa msikitini. Nduta hakumwambia, kwa kuwa Nduta hakujua kunyamaza.

Baada ya wiki mbili Nduta alishikwa na homa ya matumbo. Alilazwa Jumatatu, akafa Alhamisi.

Mwalimu wao, Bi. Mwikali, alikuwa amehamia Nyeri kutoka Machakos mwaka huo. Kila Ijumaa aliwapa wanafunzi nafasi ya kusema yanayowasumbua, nao kila Ijumaa walinyamaza. Ijumaa iliyofuata mazishi, alisema, "Hakuna atakayeadhibiwa kwa neno lake. Anayejua jambo aseme."

Wacera alisimama. "Niliona panya kwenye tangi, Mwalimu. Kabla Nduta hajaugua. Niliogopa."

Bi. Mwikali alitoka nje akapiga simu, kisha akamshika Wacera mkono, wakaenda ofisini.

"Mtoto huyu atatuharibia jina," alisema Bwana Ngatia.

"Wengine wanne bado wako kitandani, Mwalimu," Bi. Mwikali alijibu. "Nimeshampigia afisa wa afya. Yuko njiani."

Tangi lilifungwa siku hiyo. Wazazi walikutana, wakanunua jipya lenye kifuniko, na jikoni pakaanza kuchemshwa maji ya kila mtoto, awe wa Majengo au wa kwingineko. Waliamua pia kwamba wanafunzi wawili wasikilizwe katika kila mkutano wao. Wagonjwa wanne walipona.

Lakini Wacera alikuwa na safari moja zaidi. Bi. Mwikali alimsindikiza kwa mama yake Nduta, naye Wacera akaeleza yote. Mama alisikiliza, macho chini.

"Ungeniambia hata mimi, mwanangu," alisema, kisha akaingia ndani.

Njiani Wacera alilia. Bi. Mwikali alingoja hadi akatulia.

"Sisi wakubwa tulikufundisha kuogopa, na hilo ni kosa letu," alisema. "Lakini sikia, Wacera. Ukiona hatari, sema siku hiyo hiyo. Mmoja asipokusikiliza, nenda kwa mwingine. Ukijiokoa peke yako, umemwacha mwenzako anywe."

Wacera alitikisa kichwa kukubali.