Anwani Yenye Jina la Bernadeta

Jumatatu asubuhi stationari ya Nassibu, karibu na soko kuu la Tabora, haikuwa na mahali pa kuweka mguu. Tangazo la kazi lilikuwa limetoka, na nusu ya vijana wa mjini walikuja kutuma maombi kwa kompyuta mbili, moja yenyewe mbovu. Katikati ya jasho na harufu ya wino wa printa alisimama Fikiri Ngollo, fundi wa pampu za sola, mrefu, shati la bluu limepigwa pasi, viatu vimejaa vumbi la Bukene. Hakutafuta kazi. Alitaka mkataba wake uskaniwe, atumiwe kwenye imeili.

"Imeili yako?" Nassibu aliuliza bila kuinua macho.

"Fikiri at ngollo nukta me nukta tz."

Nassibu akainua macho. "Halafu jimeili?"

"Hakuna jimeili. Imeishia hapo."

"Kaka, imeili bila jimeili itakwenda wapi?"

"Itakuja kwangu. Ngollo ni domeini yangu, jina langu la mtandaoni, nimeisajili mwenyewe."

Foleni nzima ikacheka. Nyuma yake sauti ya kike ikasema, "Mwacheni jamani. Wenzenu wana mashamba, yeye ana imeili."

Fikiri aligeuka kujibu. Aliyesema alikuwa binti mwenye macho ya kucheka, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, gauni la kitenge cha njano limemkaa sawasawa. Lilimkaa hivyo kwa sababu alilishona mwenyewe. Alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Isevya.

"Cheka tu, dada," Fikiri akasema. "Mwaka juzi akaunti yangu ya bure ilifungwa, wateja wote wakapotea. Ile ilikuwa nyumba ya kupanga. Hii ni yangu, hakuna wa kunitoa."

"Na wageni wanakaribishwa?"

"Wageni wenye majina. Unaitwa nani?"

"Bernadeta."

Fikiri akachukua kalamu ya Nassibu, akaandika kwenye kipande cha karatasi: bernadeta@ngollo.me.tz.

"Mbona hili jina langu?"

"Ukiandika hapo barua inanifikia mimi. Nami nitajua ni wewe."

Nimeshaona vijana wa mji huu wakitoa maua, na wengine vocha. Huyu alitoa anwani, na ilifanya kazi kuliko hivyo vyote. Bernadeta alisahau alichokuwa amekuja kutoa kopi.

Fikiri alikaa Bukene, kwenye reli ya Mwanza, wiki tatu katika kila mwezi, akifunga pampu vijijini, kwenye mtandao unaokuja unapojisikia. Kwa hiyo waliandikiana. Bernadeta alimweleza wateja wanaonenepa kati ya kupimwa na kuvaa. Fikiri alimweleza visima, uyoga wa porini, na jinsi alivyomkumbuka. Jumapili baada ya misa alipanda juu ya tangi la maji, akapiga simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula, mwenye domeini wangu. Wewe je?"

"Ugali na uyoga."

"Kila siku uyoga! Utaota mizizi huko."

"Mizizi yangu iko Isevya."

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Isevya nzima ilijua. Ila kulikuwa na jambo moja lililomkosesha Bernadeta usingizi. Shangazi yake, Julieth, alifungua duka kubwa la ushonaji Mwanza na alitaka Bernadeta akalisimamie. Jibu lilitakiwa kabla ya mwisho wa mwezi. Bernadeta alitaka kukataa, abaki Tabora, lakini alingoja neno moja kutoka kwa Fikiri. Miezi minane ya barua tamu, na neno la ndoa hajalitaja hata mara moja. Je, mtu anaacha riziki kwa ajili ya uyoga?

Ndipo akaja Zamda. Zamda alikuwa mjane kijana wa Itetemia, mkulima wa vitunguu, mzuri wa sura na mchangamfu. Alikuja kupimwa gauni la harusi ya mdogo wake, na mikono ikiwa juu akawa anasifia pampu yake mpya.

"Fundi Fikiri ana adabu, shoga! Amenipa anwani yenye jina langu kabisa. Zamda at ngollo. Nikiandika tu, siku mbili hazipiti, yuko shambani."

Tepu ilimtoka Bernadeta mkononi.

Alipiga simu mchana huohuo. Kwa bahati ikaita, Fikiri akiwa juu ya tangi.

"Fikiri, Zamda wa Itetemia ana anwani yenye jina lake?"

"Ndiyo," Fikiri akajibu kwa furaha, maana aliipenda sana kazi yake ile. "Kila mtu namtengenezea ya kwake."

"Kila mtu!"

"Ee, kuna ya Zamda, kuna ya Dafrosa, kuna..."

"Na mimi niko wa ngapi kwenye foleni?"

"Bernadeta, ngoja nikueleze..."

Mtandao ulikatika. Mtu mwingine angeshuka kwenye tangi na kukimbilia stesheni kutafuta mtandao. Fikiri alibaki palepale akisema "haloo, haloo". Alipopata mtandao jioni, simu ya Bernadeta ilikuwa imezimwa. Aliandika barua tatu, hakujibiwa.

Hasira hasara. Bernadeta alimkubalia shangazi, akanunua tiketi ya treni ya Mwanza, akafunga cherehani yake kwa kanga mbili. Usiku wa mwisho aliwasha simu, barua za Fikiri hakuzifungua, akaandika mstari mmoja kwenye ile anwani: "Kesho naondoka na treni kwenda Mwanza, sirudi. Jina langu umpe mwingine." Akalia mpaka mto ukalowa, kwa sababu alimpenda.

Treni iliondoka Tabora asubuhi. Bernadeta alikaa dirishani, macho yamevimba, kitenge cha njano kimekunjamana. Treni iliposimama Bukene, wauza karanga na mayai walikimbilia mabehewa, na nyuma yao alikimbia mtu mrefu mwenye ovaroli ya matope, akichungulia dirisha baada ya dirisha.

"Bernadeta!"

"Sikujui."

"Basi nisome, utanijua." Alimpitishia simu dirishani. "Angalia. Hiyo orodha yote."

Hakutaka kuangalia. Akaangalia. Zamda alikuwepo na Dafrosa alikuwepo. Lakini pia kulikuwa na anwani ya duka la vyuma, ya benki, ya chama cha ushirika, na ya kampuni moja ya bahati nasibu iliyopigwa mstari mwekundu.

"Kila ninayefanya naye biashara nampa anwani yake," Fikiri akasema, akihema. "Duka likiwapa matapeli anwani hiyo, najua ni nani kaigawa, naifunga hiyo moja tu. Ni kazi, mpenzi. Dafrosa ni mama wa miaka sitini, anauza saruji!"

"Na Zamda?"

"Vitunguu."

Mama mmoja aliyekaa mbele ya Bernadeta akacheka. Bernadeta hakucheka. "Kwa hiyo mimi na saruji tuko sawa."

"Chukua simu yako, niandikie neno lolote."

Aliandika "mwongo", akatuma. Simu ya Fikiri, ikiwa bado mkononi mwa Bernadeta, ikalia kengele kubwa mpaka muuza mayai akageuka.

"Wote wengine wanaingia kimya, nawasoma jioni," Fikiri akasema. "Inayolia ni ya kwako peke yake. Jana usiku imeniamsha. Sijalala tena."

Honi ya treni ikapigwa. Fikiri akashika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili.

"Nilikosea kukaa kimya. Nataka anwani hiyo isiwe ya kunifikia mimi. Nataka iwe yako, uingie ndani, neno la siri ulijue wewe tu. Ngollo ni jina la ukoo, Bernadeta. Nataka uwe wa ukoo. Nioe... yaani, nikuoe."

Abiria wa behewa zima wakasogea dirishani.

"Baba yangu hatumiwi imeili," Bernadeta akasema, machozi yakimtoka upya. "Barua ya posa inaandikwa kwa mkono, inaletwa na mshenga, mchana kweupe."

"Nitaandika leo."

"Basi pokea cherehani."

Ilipita dirishani kwa msaada wa abiria wanne, kila mmoja akitoa amri. Bernadeta alishuka mlangoni treni ikiwa imeshaanza kusogea, kiatu kimoja mkononi, na Fikiri akamdaka, matope na kitenge cha njano vikawa kitu kimoja. Mama wa behewani akapiga vigelegele mpaka treni ilipopotea mbele.

Simu ya Bernadeta ikaita.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mmefika wapi?"

"Treni inakuja, shangazi. Mimi nimeshuka Bukene."

"Bukene! Bukene kuna nini?"

Bernadeta alimtazama Fikiri, cherehani kichwani, akitembea kwa uangalifu kama mtu aliyebeba mayai.

"Kuna mume wangu, shangazi. Hajaleta barua bado. Ndiyo kwanza anakwenda kununua karatasi."