Santuri ya Asenath

Walikutana soko la Burma, kwenye foleni ya nyama. Asenath alivaa gauni la kitenge la manjano, na mikononi alikuwa na katoni iliyomwelemea.

"Niaje, mrembo. Hizo ni sahani?" Ngigi aliuliza.

"Ni santuri. Albamu yangu."

"Na nani ana mashine ya kuzichezea siku hizi?"

"Hiyo ndiyo shida yangu."

"Shida imeisha. Mimi ninayo, ya guka, babu yangu."

Akanunua moja papo hapo. Miezi ikapita, mapenzi yakakolea, na kila usiku Ngigi akampigia simu kutoka kwake Donholm: "Mpenzi, sauti yako kwenye santuri ndiyo inanilaza." Asenath aliyaamini maneno hayo kuliko kitu chochote. Litungu, kinanda cha nyuzi cha kwao Bungoma, alilipiga polepole mno, akinyamaza katikati ya wimbo hadi mtu adhani umeisha. Majirani wa Kaloleni walisema anaimbia matanga. Angalau Ngigi alimwelewa.

Siku ya uzinduzi wa albamu, ukumbi wa Kaloleni ukiwa umefurika, Ngigi alileta mashine yake akateremsha sindano. Sauti nyembamba ya katuni ikaruka, litungu likienda mbio. Watu wakainuka kucheza. Asenath alihisi uso ukimuwaka.

"Ngigi, umeweka kasi ya santuri ndogo, zile za mbio."

"Zii, ni hii tu. Kwangu huwa naichezea hivi."

Asenath akatoka nje bila kuaga mtu. Jioni akapokea simu ya Ngigi.

"Ulidhani hiyo ni sauti yangu?"

"Nilidhani ni mambo ya studio, switi."

"Kwa hivyo usiku wote huo ulikuwa unalazwa na nani?"

Asenath akakata simu. Wiki nzima hasira haikumtoka. Hata Triza, dada yake, alimwomba aimbe "ile ya kuruka." Watu wakamsifu mitaani kwa kitu ambacho hakukiimba, na kila sifa ilimchoma. Alikuwa na msikilizaji mmoja duniani, kumbe hata huyo hakuwa naye.

Jumapili baada ya kanisa Ngigi alibisha hodi, shati limelowa jasho, mashine kifuani.

"Weka mwenyewe," alisema.

Asenath akabadilisha kasi. Ngigi alisikiliza upande mzima amesimama, maana hakuambiwa akae.

"Unaonaje? Ukinidanganya, utoke."

"Wimbo wa kwanza umenishika hapa," akagusa koo. "Wa tatu umenichosha sana."

Asenath alicheka bila kutaka. Hatimaye mtu alikuwa amechoshwa na wimbo wake hasa.

"Wimbo mmoja wa kuchosha naweza kuishi nao," Ngigi akasema. "Nilete wazee wangu kwenu?"

"Kuna upande wa pili."

"Niko."

"Ni mrefu kuliko huu."

"Si nimesema niko, Asenath."

Asenath aligeuza santuri, akasogea kwenye kochi ili Ngigi apate pa kukaa.