Nyasi Mkononi mwa Kimaiyo

"Mwalimu, mtazame vizuri. Ukutani amenona kuliko hapa!"

Joash, bawabu wa makumbusho, alicheka mwenyewe. Kimaiyo naye akacheka. Jepchumba, mwalimu wa shule, akaisogelea picha.

Ilikuwa Jumamosi moja mwaka 1957, siku ambayo Waafrika waliruhusiwa kuitembelea nyumba ya marehemu Bwana Pelham, mchoraji wa wanyama, iliyogeuzwa makumbusho karibu na Gilgil. Nje, katika bustani aliyowaachia wanyama wake, punda milia walikula nyasi bila kujali watu. Kimaiyo alikuwa amemtumikia mzee huyo miaka mingi, na wiki nzima hakuwa na habari nyingine: lazima mchumba wake aione picha yake kabla ya kesho, siku ambayo ndoa yao ingetangazwa kanisani Nakuru.

Picha ilimwonyesha Kimaiyo amemkumbatia shingoni mtoto wa punda milia.

"Huyu nilimlea kwa chupa," alisema Kimaiyo. "Mzee alihesabu milia yake yote. Hakuwa mtu wa kuongeza kitu, wala kupunguza. Inzi akikutulia puani, utamkuta pichani hapo hapo."

"Hata inzi?"

"Muulize Joash."

"Mimi alinichora na pengo," alisema Joash. "Nikamwomba anirudishie jino. Akakataa!"

Jepchumba hakucheka. Juu ya milia nyeusi na nyeupe palikuwa na mkono wa Kimaiyo, na mkononi kikuku chembamba cha kijani, kimefungwa fundo.

"Kimaiyo, hii si segutiet?"

Joash akakumbuka ghafla kwamba ana kazi langoni.

Kwao, siku ya harusi, mume na mke hufungana mkononi kikuku cha nyasi hiyo. Wazungu waliopita pale waliona nyasi tu. Kimaiyo mwenyewe, kila alipoitazama picha, aliona uso wake pekee.

"Labda mzee aliongeza, ipendeze."

"Umesema hakuongeza hata inzi."

Kimaiyo akainama.

"Anaitwa nani?"

"Chemutai."

"Yu hai?"

"Yuko kwa mama yangu, Eldama Ravine. Na mtoto."

Jepchumba alikuwa amewakataa wachumba wawili, mmoja mwenye ng'ombe wengi, kwa ajili ya mtu huyu.

"Ile ilikuwa ya kimila tu," Kimaiyo alisema kwa haraka. "Wazee ndio walioamua. Hatukufunga kanisani."

"Alipokufunga nyasi, alidhani mnacheza?"

"Jepchumba, wewe ndiye ninayekupenda. Ukinyamaza, nani atajua?"

Jepchumba akageukia mlango. Walirudi hadi mtaani kwao Bondeni, Nakuru, bila neno, na Kimaiyo akauhesabu ukimya huo kuwa ndiyo. Jepchumba alimpenda bado. Hilo halikubadilika njiani, na ndilo lililomuumiza. Lakini kila alipofumba macho hakumwona Kimaiyo. Aliona vidole vya mwanamke asiyemjua vikikaza fundo.

Jumapili kanisa lilijaa. Kimaiyo alikaa kiti cha mbele, ndani ya suti mpya. Mchungaji akasoma majina yao mawili, kisha akainua macho.

"Kama kuna mtu anayejua kizuizi cha ndoa hii, na aseme."

Jepchumba akasimama.

"Keti, mwanangu!" alinong'ona jirani yake Mama Nekoye, aliyeketi nyuma. "Wewe ndiye bibi arusi. Haraka ya nini?"

Watu wakacheka. Mchungaji pia akatabasamu.

"Una neno, Mwalimu?"

"Ndiyo, Mchungaji. Kizuizi kipo."

Kicheko kikakatika.

"Kizuizi gani?"

"Anaitwa Chemutai. Ni mke wake, na wana mtoto. Kama si kweli, yeye mwenyewe yuko hapa, aseme."

Kanisa zima likamgeukia Kimaiyo. Aliuvuta mkono wa koti lake jipya hadi ukafunika kifundo cha mkono ambacho hakikuwa na chochote.